Habu ya Mbele, Upande wa Kushoto

Na Mwandishi Wetu

MAMA yangu huliita gari la Baba "mke mwenzangu", na anapolitamka neno hilo hacheki sana. Kila alfajiri, nyumbani kwetu Lukozi katika milima ya Usambara, Baba hutoka nje na tochi kabla hajanywa chai, akalizunguka gari lile na kulipapasa huku na huku mfano wa mtu anayemjulia hali mgonjwa, ndipo arejee ndani. Amefanya hivyo tangu mwaka 1991 aliponunua gari hilo mnadani, wakati huo likiwa gari chakavu la serikali lenye umri wa miaka 13. Ni pikapu aina ya Land Rover, ile ndefu ambayo madereva huijua kwa jina la "mia na tisa", kwa kuwa kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma ni inchi 109.

Mimi na ndugu zangu watatu tumesomeshwa na pikapu hiyo. Ilishusha kabichi, karoti na viazi hadi Mombo. Ikapandisha mbolea, mabati na saruji. Ikabeba maharusi wa majirani, na usiku wa manane ikawakimbiza wajawazito hospitali Lushoto. Kwa hiyo mdogo wangu, ambaye ndiye dereva wake hivi sasa, aliponipigia simu hapa Dar es Salaam siku moja ya mwezi wa Mei 2025 na kusema, "Dada, gurudumu la mbele linalia," sikuwa na haja ya kuuliza ni la gari gani.

Alikuwa amesimama Soni. Wanaoijua barabara ya kutoka Lushoto kwenda Mombo watakumbuka jinsi inavyojipinda ubavuni mwa mlima, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, kwa zaidi ya kilometa 30 za mteremko. Kando ya mdogo wangu alikaa Mama, mjukuu wake mapajani. Nyuma kulikuwa na shehena ya kabichi. Mngurumo ulianza walipokuwa wakitoka Lushoto, nao walidhani ni barabara. Walipofika Soni ukawa ni mlio wa chuma kusaga chuma, na katikati ya gurudumu la kushoto pakawa pa moto kiasi cha kutoweza kuguswa. Walipoliinua kwa jeki na kulitikisa, gurudumu lilicheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

GURUDUMU HUSHIKWA NA NINI

Kwa faida ya wasomaji ambao shughuli yao na gari ni kupanda na kushuka tu, yafaa nieleze jambo ambalo mimi mwenyewe, mtoto wa dereva, nilikuwa silijui mpaka siku hiyo. Gurudumu halifungwi kwenye ekseli moja kwa moja. Hufungwa kwa boliti, ambazo katika Land Rover ni tano, kwenye kipande kizito cha chuma kilicho mfano wa bakuli lenye tundu katikati; hicho ndicho kitovu cha gurudumu, ambacho mafundi wetu hukiita habu. Ndani ya habu hukaa beringi mbili, moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje, na habu nzima huzunguka juu ya hizo. Kila beringi ina sehemu mbili: pete ya nje, ambayo hugongewa ndani ya habu ikakaza barabara, na sehemu ya ndani iliyojaa vigurudumu vya chuma, vipana upande mmoja na vyembamba upande wa pili. Ubunifu huo si wa jana. Henry Timken aliusajili kuwa mali yake nchini Marekani mwaka 1898, na hadi leo magari mengi ya mizigo huutegemea, maana hubeba kwa wakati mmoja uzito unaotoka juu na msukumo unaotoka ubavuni gari linapokata kona. Nyuma ya beringi ya ndani huwekwa sili, ambayo kazi yake ni kuzuia grisi isitoke na maji yasiingie.

Aghalabu ni hiyo sili, kitu cha bei ndogo kuliko vyote, inayoanzisha msiba. Ikichakaa, grisi huvuja, na mara nyingine humwagikia breki na kuzidhoofisha. Maji ya mito na vumbi huingia mahali pa grisi. Beringi hukauka, hupata moto, mwishowe hukwama. Na beringi ikikwama, ile pete ya nje, ambayo haikupasa kusogea hata kidogo, huanza kuzunguka ndani ya habu na kuikwangua. Hapo kununua beringi mpya hakusaidii tena. Tundu limekwisha kupanuka, na beringi mpya itacheza humo kama mguu wa mtoto katika kiatu cha baba yake.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yametupata. Gari lilivutwa hadi Lushoto, habu ikafunguliwa, na ndani yake kukaonekana mikwaruzo inayong'aa mzunguko mzima.

KIPANDE CHA BATI

Fundi aliyeifungua alikuwa na dawa yake tayari. Atakata kipande chembamba cha bati la kopo, akizungushie ile pete ya beringi, aigongee ndani ya habu, na gari liondoke jioni hiyo hiyo. Gharama yake ilikuwa haizidi chakula cha mchana cha watu wawili. Kabichi zilikuwa zingali shambani, zimekwisha kufunga, na kwa mvua ile nyingine zilikuwa zimeanza kupasuka; mdogo wangu alikubali. Baba, aliyefika kwa basi, alisikiliza shauri zima, akachukua ufunguo wa gari, akautia mfukoni mwa koti lake.

Sipendi mtu amcheke fundi yule, kwa maana dawa yake ina historia. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977, haukufunguliwa hadi 1983. Katikati ya kipindi hicho ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni zikaadimika hata kipuri kidogo kikawa cha kusafiriwa mikoa miwili. Gari hata hivyo lilipaswa kutembea: bwana shamba alilingoja, mgonjwa alilingoja. Baba, aliyekuwa dereva wa idara ya kilimo siku hizo, amewahi kutengeneza sili kwa ngozi ya kiatu, na anasimulia bila aibu. Mafundi wa wakati ule walijifunza kufanya gari litembee kwa chochote kilichokuwapo mkononi, wakawarithisha wanafunzi wao. Uhaba ule umekwisha, lakini mazoea yake yangalipo gereji.

Ila bati ni bati. Chini ya uzito wa tani moja ya kabichi, kwenye kona zinazovuta gari upande, hupondeka, husogea, na pete huanza tena kuzunguka, safari hii ikiwa na nafasi kubwa zaidi ya kuyumba. Kuna wanaochapa tindo ndani ya habu ili kuinua vinundu vya kuikaba pete. Matokeo ni yale yale. Iko njia iliyo halali, nayo ni kulipanua tundu kwa mashine ya kukereza, kwa kipimo, na kuingiza pete mpya ya chuma. Hiyo yataka karakana nzuri na mtu asiyekisia, na sisi hatukumpata karibu. Mdogo wangu alipozidi kumsihi, Baba alijibu kwa maneno machache tu: "Bati hilo litashika mpaka Soni."

Ikaamuliwa itafutwe habu nyingine, na mimi, niliye Dar es Salaam kwenye maduka, nikajitolea.

DIPLOMA MBELE YA VIPURI

Nilikwenda Gerezani, mahali ambapo yasemekana mtu aweza kuingia na usukani akatoka na gari zima. Sikuchukua habu ya zamani wala kipimo chochote. Nilichukua jina la gari na ujasiri wa mtu mwenye diploma. Katika duka la tatu muuzaji alinitazama akauliza, "Dada, umetumwa na fundi au na mumeo?"

"Nimetumwa na baba yangu."

"Gari la mwaka gani?"

"Sabini na nane."

Akacheka, si kwa ubaya. "Hilo naliamkia shikamoo," akasema, kisha akatoa kwenye kasha habu mpya inayong'aa. Nilipouliza kama kweli itakaa, alinihakikishia kuwa Land Rover zote ni moja.

Hilo, ndugu msomaji, ndilo neno lililonipotezea siku nzima, kwa sababu kwa macho ni kweli. Land Rover za toleo la tatu, kama la Baba, zilitengenezwa Uingereza tangu 1971 hadi 1985. Mwaka 1983 likaja toleo jipya lenye springi za mviringo badala ya zile za mabapa, na breki za mbele za diski badala ya dramu. Uso ni wa ukoo ule ule, na kijana aliyezaliwa juzi hawezi kulaumiwa kwa kuzichanganya. Niliipiga picha habu ile, nikaituma. Baba alipiga simu muda huo huo. "Hiyo ni ya diski, mwanangu. Dramu yangu itakaa wapi?"

Siku iliyofuata nilikwenda Shaurimoyo, Ilala, kwenye vipuri vilivyokwisha kutumika. Huko niliipata moja yenye umbo lile lile la kwenye picha aliyonitumia mdogo wangu, imepakwa rangi nyeusi mbichi. Bei yake ilikaribia ile ya magunia mawili ya karoti. Nakiri kwamba nilikuwa nimekwisha kufungua mkoba. Nilikuwa nimechoka, na niliona haya kuendelea kuuliza mambo nisiyoyaelewa mbele ya wanaume waliokuwa wakinisikiliza. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza springi jirani ndiye aliyeniokoa. "Binti yangu," akaniita kando, "chuma kilichopakwa rangi jana kiulize kwanza umri wake."

Aliiomba habu ile, akaifuta rangi kwa petroli, akapitisha kitambaa chenye mafuta ya taa, akaikausha vizuri, kisha akaisugulia chaki nyeupe. Tukangoja. Baada ya dakika chache, pale shinani mwa tundu la boliti moja, mstari mwembamba wa majimaji ulijichora juu ya chaki: mafuta ya taa yalikuwa yamejificha katika ufa, na sasa yalikuwa yakitoka. Jicho peke yake lisingeuona. Muuzaji hakubisha, aliirudisha kwenye rundo, na nadhani ingali pale ikimngoja mwingine. Mzee yule hakutaka malipo. Alinituma tu nirudi na habu yenyewe ya zamani mkononi, "maana mdomo hauna kipimo."

BARUA YA DEREVA

Siku tatu baadaye nilipokea furushi kutoka kwa kondakta wa basi la Lushoto. Ndani ya gunia ilikuwamo habu yetu, na pamoja nayo karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wa Baba ninaoujua tangu vitabu vyake vya safari za serikali, herufi zimesimama wima kama nguzo za simu. Aliandika kwamba boliti ni tano, na duara linalopita katikati ya zote lina upana wa inchi 6 na nusu. Kwamba kila boliti ina unene wa inchi 9 kwa 16, uzi wake wa Kiingereza, wala si wa milimita. Dramu ni ya inchi 11. Wasije wakanipa ya inchi 10, ambayo ni ya Land Rover fupi. Aliandika namba zilizochongwa kwenye pete za beringi zote mbili, na namba ya chesisi kwa ukamilifu. Chini kabisa aliongeza, na kupiga mstari: "Namba iliyo kwenye chuma cha habu ni ya kalibu. Si lazima iwe namba ya kitabu. Usiitegemee."

Kutoka siku hiyo mazungumzo yangu na wauza vipuri yakawa mengine kabisa. Nilikuwa naweka habu mezani, naweka karatasi kando yake, nanyamaza. Wasiokuwa nayo walisema upesi kwamba hawana. Nilitembea hivyo siku sita, jioni baada ya kazi, na habu ile ina uzito ambao mkoba wa mwanamke haukushonewa.

Wakati huo kule nyumbani hali ilikuwa si nzuri. Gari la kukodi lilikuwa linakula zaidi ya nusu ya mauzo. Kabichi zilizopasuka walipewa ng'ombe. Mdogo wangu aliniandikia ujumbe usiku mmoja akiuliza, kwa adabu, iwapo nilikuwa natafuta habu au naandika makala. Kulikuwa pia na mazungumzo, ambayo Baba hakuambiwa, ya kuuza gari kwa kilo.

Aliyeitoa habu gizani ni mzee yule yule wa springi. Alikuwa na jamaa yake Arusha, fundi wa Land Rover. Mji ule haujaziacha Land Rover hata leo. Mwezi wa Oktoba 2024 zilikusanyika huko mamia kwa mamia katika tamasha lao, na wenye mashamba na wasafirisha watalii bado wanazo za kila toleo. Jamaa huyo alikuwa na jozi nzima, ya kulia na ya kushoto, iliyotoka kwenye gari la miaka ya 1980 lililokufa kwa kuoza chesisi. Alituma picha za habu zikiwa zimelazwa kando ya rula. Kisha, kabla sijauliza, akasema jambo ambalo hakuna muuzaji mwingine aliyekuwa ameniambia: "Dada, hizi hazifanani na ya mzee kwa kila kitu. Boliti zangu ni za milimita 16. Mwambie mzee kwanza, akikubali ndipo tuongee bei."

Baba alikubali, kwa sharti kwamba zije na nati zake kumi.

NATI NYEKUNDU

Habu zilisafiri kwa basi litokalo Arusha, zikateremshwa Mombo, nami nikaomba ruhusa ya siku mbili ofisini nikaenda kuona mwisho wake. Nilimkuta Baba, ambaye amepita miaka 75, ameketi juu ya kigoda mbele ya habu mbili, sahani ya mafuta ya taa na kipande cha chaki. Hazikuwa na ufa. Akalipima kwanza tundu la ndani, kisha akajaribu dramu na rimu juu ya boliti. Akaikagua na ekseli fupi ambayo habu huzunguka juu yake, kwani beringi ikikwama huweza kuila hiyo pia. Kwa bahati ilikuwa na alama tu, si mfereji.

Kazi yenyewe ilikwenda upesi. Beringi mpya, pete na sehemu ya ndani vikitoka kasha moja, kwa maana havichanganywi, sili mpya, grisi iliyosokotwa kwa kiganja mpaka ikaingia kati ya vigurudumu vyote. Kwenye kukaza nati kubwa ya beringi ndipo mdogo wangu alipozuiwa mkono. Alitaka kukaza kwa nguvu zake zote. Baba akamwamuru akaze huku akilizungusha gurudumu, kisha arudishe nyuma kidogo, pabaki mchezo wa takriban sehemu ya kumi ya milimita. Beringi za aina hii zikibanwa mno hupata moto na kufa mapema kuliko zilizolegea. Ikafuata komeo mpya ya bati gumu, nati ya pili, na komeo kukunjwa.

Kisha Baba akamwita Mama. Alimkalisha kwenye kiti cha dereva, mahali ambapo sijapata kumwona akikaa, akamwambia akanyage breki pale atakapoambiwa. Yeye akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Ni kipimo ambacho kila mwenye gari la namna hii aweza kukifanya uani kwake. Gurudumu likicheza, mtu akanyage breki. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi za habu. Mchezo ukibaki vile vile, kalitafute kwenye kingipini. "Kanyaga," akasema Baba. "Achia. Kanyaga." Mama alikanyaga kwa miguu yote miwili.

Lilibaki la nati. Nati za zamani na hizi mpya kwa macho zinakaribiana mno, lakini nati ya milimita 16 ikivishwa boliti ya inchi 9 kwa 16, ambayo unene wake ni milimita 14 na kidogo, hupita bila kushika, na mtu aliye gizani na haraka zake aweza kudhani ameifunga. Magurudumu ya nyuma yanatumia zile za zamani. Baba akafungua kopo la rangi nyekundu iliyobaki tangu kupaka mlango wa stoo, akazipaka zote kumi za mbele, pamoja na vichwa vya boliti zake, akamtaka mdogo wangu arudie kwa sauti: nyekundu ni za mbele.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, tuliteremka na nusu ya mzigo. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia ya karoti. Kutoka Lushoto nilikuwa nasikiliza tu, na sikusikia ila injini na upepo. Tulipofika Soni, Baba aliamuru gari lisimame mahali pale pale liliposimama mwezi uliopita. Akashuka polepole, akaweka kiganja juu ya habu ya kulia, akangoja. Akazunguka, akaweka juu ya ile ya kushoto, akangoja zaidi. Hakusema neno. Mama naye akashuka, akavuta kanga yake vizuri begani, akainama akaishika ya kushoto kwa mgongo wa mkono, kama ashikavyo paji la uso wa mtoto.

"Leo hana homa," akasema, akapanda.